Kwa nini Uingereza mtembezi huruhusiwa kukatiza shamba la mwenzake

Kila inapofika Desemba, wakazi wengi wa London hufunga virago na kwenda mashambani kwa siku mbili tatu. Mgeni hustaajabu: kwa nini mtu auache mji wenye taa na joto, akafuate baridi na matope? Isitoshe, siku yenyewe ni fupi. Katikati ya mwezi huo jua la London huchomoza saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi jioni. Kwetu sisi tunaoishi karibu na ikweta, ni kama kuporwa mchana.

Miongoni mwa maeneo yanayopendwa zaidi ni vilima vya Cotswolds, magharibi mwa London. Treni inayotoka kituo cha Paddington hufika Moreton-in-Marsh kwa takriban saa moja na nusu. Nyumba za huko ni za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, na baadhi ya makanisa ni makubwa kuliko vijiji vyenyewe: yalijengwa kwa utajiri wa sufu, ambayo katika zama za kati iliuzwa hadi Flanders na Italia.

Lakini linalostahili kuelezwa zaidi ni njia. Kwenye nguzo ya uzio utaona kibao chenye mshale wa manjano; maana yake ni kwamba njia hiyo ni ya umma, kwa waendao kwa miguu. Mshale wa buluu huwaruhusu pia wapanda farasi na baiskeli. Shamba lina mwenyewe, mwenye hati zake, ila njia inayolikatiza hana mamlaka ya kuifunga. Akiilima kwa ajili ya kupanda mazao, sharti airejeshe ndani ya siku 14. England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma.

Haki hii haikulindwa kwa hisani ya wenye ardhi. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi kutoka Manchester na viunga vyake, walipanda Kinder Scout, nyanda za juu zilizofungwa ili matajiri wawinde ndege. Walikabiliana na walinzi, na vijana watano wakatupwa jela. Kosa lao, tukiondoa lugha ya mahakama, lilikuwa kutaka hewa safi siku ya Jumapili. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha hifadhi za taifa na kuzitaka serikali za mitaa zichore njia za umma kwenye ramani rasmi. Hifadhi ya kwanza, Peak District, ilitangazwa mwaka 1951, na Kinder Scout imo ndani yake.

Sheria ya mwaka 2000 iliongeza uhuru wa kutembea hata nje ya njia, katika milima na nyika zilizoainishwa, lakini hizo ni takriban asilimia 8 tu ya ardhi ya England. Scotland, kwa sheria yake ya mwaka 2003, iliwafungulia watu sehemu kubwa ya nchi. Kwa hiyo mjadala wa England haujakwisha.

Kuna mjadala mwingine usioonekana kwenye picha za watalii. Jioni za baridi, baadhi ya nyumba nzuri vijijini hubaki na madirisha meusi, kwa kuwa wenyewe wako mjini na huzitumia wikendi tu. Vijana waliozaliwa hapo hushindwa kumudu bei. Tangu Aprili 2025, halmashauri za England zimeruhusiwa kutoza nyumba za namna hiyo kodi ya makazi maradufu.

Mwenye ndugu huko anayepanga safari azingatie kwamba tarehe 25 Desemba treni karibu zote hazifanyi kazi, na mabasi ya vijijini ni haba hata siku za kawaida. Achukue viatu vya matope na tochi, na kila lango la shamba aliache kama alivyolikuta.