Dhana Iliyotangulia Yakini

Usiku wa Alhamisi, 18 Aprili 2024, barazani pa muuza kahawa mmoja wa Mlandizi, hatua chache tu kutoka Barabara ya Morogoro, mzee mmoja alikirudisha kikombe chake juu ya benchi bila kukionja, kwa kuwa redio ilikuwa imetangaza kwamba Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, amefariki pamoja na wenzake tisa katika helikopta ya jeshi iliyoanguka Sindar, kaunti ya Elgeyo Marakwet, wakaokoka wawili tu. Kahawa ya pili haijamiminwa, hukumu tatu zilikwisha kupita: mmoja alisema bomu, wa pili alisema fitina ya wakubwa, na wa tatu, kijana wa bodaboda ambaye hajapata kupanda chombo cha angani, akaapa, "Wallahi, Babu, hiyo ni injini."

Siwacheki. Watu wa Pwani wana sababu ya kustuka kila lisikikapo jambo la jeshi karibu na makazi ya raia. Walishuhudia Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, kisha Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, ghala za silaha zilipolipuka na mabomu yakaangukia nyumba za watu, hata maelfu wakakimbilia Uwanja wa Uhuru, na wazazi wakawa wanatafuta watoto waliopotezana nao gizani. Baina ya mshindo wa kwanza na tamko la kwanza la serikali, raia hana ila masikio yake na hofu yake, na viwili hivyo havikai bure.

Hata aliyeshuhudia kwa macho hasalimiki. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, basi mkulima aliye umbali wa kilomita 3 husikia kishindo sekunde 9 baada ya tukio. Ainuapo kichwa hukuta moto na moshi, akaapa kwamba chombo kiliwaka kingali angani. Hasemi uongo, maskini. Akili imemtungia mwanzo ambao hakuuona.

Wachunguzi, kwa upande wao, hukusanya mabaki kipande kwa kipande, hupima mafuta, hufumua injini na kupekua vitabu vya matengenezo, kazi ambayo haina haraka, na jeshi lina siri zake za haki. Walakini sioni siri gani ingevuja lau msemaji angetoka kila siku, japo kusema ni kipi kinachopimwa. Ogolla, aliyekuwa rubani wa ndege za kivita na kisha kamanda wa Jeshi la Anga, alizikwa Siaya tarehe 21 Aprili bila jeneza, kwa wasia wake mwenyewe. Na wasia huo nao, badala ya kuheshimiwa, ukageuzwa kuni za uvumi.

Baada ya muda mrefu, ripoti ya Wizara ya Ulinzi ya Kenya ilitaja hitilafu ya injini. Niliipeleka habari hiyo barazani. Kijana wa bodaboda alidai kahawa ya bure, akapewa. Yule wa bomu alitikisa kichwa, akatazama malori yaendayo Chalinze, kisha akaniuliza kwa upole, "Kwani, kaka, ulitaka waandike nini?"