Mchore Mbu, Umjue!

Hivi wewe umeshawahi kuchora mbu? Najua, yule wa ubaoni. Hata mimi kidato cha pili nilimnakili vizuri, nikapata maksi 9 kati ya 10. Kumbe nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na shimo la matofali limejaa maji, viluwiluwi wanacheza humo, nami sikuwatambua! Mwezi ule ule mdogo wangu akalazwa kwa malaria.

Sasa jaribu hivi na wadogo zako. Watoto wanapenda kuchora, na anayechora kitu kilicho mbele yake hulazimika kukitazama kweli.

Tafuta maji yaliyotuama, uyachote wewe mkubwa. Weka kwenye chupa inayoonyesha ndani, funga mdomo kwa kitambaa chepesi, kisha nawa mikono kwa sabuni. Usiogope, viluwiluwi hawaumi.

Wape watoto karatasi na penseli, hata kipande cha mkaa. Kitabu kifiche! Waulize: kichwa kiko wapi? Amelalaje? Hapo ndipo penye utamu. Kiluwiluwi wa anofelesi, mbu anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji kwa sababu hana mrija wa kupumulia. Wa kuleksi, anayeweza kueneza matende, huning'inia kichwa chini, mrija wake ukigusa juu. Mtoto akikosea usimchoree, mwambie, "Hebu tazama tena."

Choreni kila siku na kuandika tarehe. Baadaye mtaona wengine wamejikunja kama alama ya mkato. Hao ni pupa. Hawali kitu, na baada ya siku mbili hivi hutoka mbu kamili. Kwenye joto, safari ya yai hadi mbu huchukua kama siku 7 hadi 14. Kwa hiyo mkimwona pupa wa kwanza, mwageni maji yote kwenye udongo mkavu. Msisubiri!

Bandikeni michoro ukutani, kisha uliza: "Vyombo vya maji tuvimwage baada ya siku ngapi?" Mtoto atahesabu tarehe zake mwenyewe: zisipite 7. Mashimo nayo yafukiwe.

Chandarua je? Mlale ndani yake kama kawaida, na mwenye homa apelekwe kupimwa mapema.

Haya, penseli iko wapi?