Je, Wajua? Mteremko wa Kilimanjaro na breki ya bodaboda

Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini ni chini ya mita 1,000. Katika mteremko huo wapo bodaboda wanaozima injini ili kuokoa petroli. Akiba ghali hiyo! Pikipiki ikiwa kwenye gia ndogo, injini yenyewe huipunguzia mwendo. Ikiachiwa huru, kazi yote huziangukia breki, nazo zikibanwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Hapo bado hujapakia abiria kwa mtindo wa mishikaki, wala mkungu wa ndizi nyuma.

Masika nayo, Machi hadi Mei, hufanya udongo mwekundu wa njia za Kibosho na Uru uteleze kama sabuni.

Ukiendesha kilomita 50 kwa saa, kikomo cha kisheria kwenye makazi, sekunde moja ya kutazama simu ni mita 14 hivi bila macho. Mwendo ukiwa maradufu, breki huhitaji umbali mara nne kukusimamisha.

Tafiti za nchi mbalimbali zilipojumlishwa, ilionekana kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Iliyoning'inizwa kwenye usukani haihesabiki. Abiria, dai yako kabla hujapanda, ufunge na mkanda wa kidevuni. Dereva akizima injini mteremkoni, mwambie aiwashe au akushushe.