Jasi Chini, Ng'ombe Juu

Jiwe la jasi ukilikwaruza kwa ukucha linakwaruzika. La chokaa halikwaruziki, ila ukiliponda na kulikamulia limau linatoa povu. Mimi ni bwana mifugo mstaafu, si mtaalamu wa madini, na majaribio hayo mawili yananitosha ninapoitwa na kijiji kwenda kuangalia eneo la malisho ambalo mtu amekuja kuliombea machimbo.

Huku Kilwa maombi hayo hayaishi. Kijijini Makangaga wanachimba jasi, na kiwanda cha saruji kinaitaka mno: pasipo gramu tatu hadi tano za jasi katika kila gramu mia, saruji ingeganda fundi angali anakoroga. Jasi yenyewe ni masalia ya bahari ya kale iliyokauka, kama chumvi inavyobaki kwenye majaruba yetu ya pwani. Sina ugomvi na uchimbaji. Magofu ya Kilwa Kisiwani yalijengwa kwa mawe na chokaa ya matumbawe, na watalii wanalipa kuja kuyaona.

Ugomvi wangu ni na mwezi wa ukaguzi. Wakaguzi hupenda kuja Oktoba, barabara ikiwa kavu. Moto umeshapita, nyasi ni majivu, mpingo umepukutisha majani, na taarifa inaandikwa kwamba uoto ni hafifu. Nenda hapo hapo Machi: nyasi zinakufika kifuani. Huo mpingo unaoonekana mkavu unachukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009 kwa kuusimamia vizuri msitu wao, na mbao zinawaingizia fedha. Kuuita mti huo kichaka ni kutia hasara kwenye karatasi kabla katapila halijawashwa.

Udongo nao una msimu. Ule mweusi wa mabondeni hupasuka kiangazi, mkono unazama kwenye ufa hadi kiwiko. Mvua ikinyesha unavimba, nyufa zinajifunga, maji yanasimama juu. Chukua bonge lenye unyevu ulifikiche: likikubali kusokotwa kamba ndefu isiyokatika, hapo lambo litashika maji. Wafugaji wanalijua hilo bila kusoma, ndiyo maana ng'ombe wako hapo. Kwa mchimbaji, udongo huo ni takataka ya kusukumwa pembeni ili jasi ionekane. Mbegu za nyasi na samadi ya miaka mingi zimo katika zile sentimita 20 au 30 za juu. Ukizichanganya na udongo wa chini, usitegemee malisho kurudi.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni maji. Jasi inayeyuka: lita moja ya maji inabeba gramu mbili na ushee, na sehemu kubwa ya hizo ni salfeti. Binadamu huanza kuionja salfeti ikifika miligramu 250 hivi kwa lita. Shimo lililoachwa wazi likijaa maji ya masika linang'aa vizuri sana, na ng'ombe atayanywa. Salfeti ikizidi miligramu elfu moja, ndama wanaharisha. Wakubwa wanakosa madini ya shaba mwilini, na ng'ombe mweusi anageuka rangi ya kutu. Nimeona mfugaji akimsugua fahali wake kwa maji, akidhani ni vumbi.

Na maji yakiharibika, mifugo haikai. Wafugaji wengi wa hapa walifika baada ya kuondolewa bonde la Usangu na kinamasi cha Ihefu mwaka 2006 na 2007, na kati ya malambo yao na mito kuna mashamba ya ufuta. Kundi likiswagwa kupita humo kufuata maji, kesi inafika kwa mtendaji kabla ya jioni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira, na wanakijiji wana haki ya kusikilizwa. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya miaka saba. Shimo halina tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo safari hii nimeandika mambo machache. Kina cha visima kipimwe mwishoni mwa kiangazi na tena baada ya masika, na maji yapelekwe maabara mara zote mbili. Udongo wa juu urundikwe peke yake. Shimo lizungushiwe senyenge, na lambo jipya lichimbwe mbali na mwamba wa jasi kabla lori la kwanza halijapakia.

Mwenyekiti wa kijiji alisoma, akavua miwani. "Bwana mifugo, na hilo lambo atalipa nani?"

Nikamwambia aulize vivyo hivyo kwenye mkutano mkuu, mwombaji akiwa amekaa mbele, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.