Kondoo mmoja, wana wengi: maelezo juu ya kuhamisha viinitete

Tangu tuanze kuzungumza juu ya kurudisha mifugo Masisi na Walikale, swali moja linarudi: ni kweli wataalamu hutoa mimba changa ya kondoo mmoja na kuiweka katika tumbo la mwingine? Ni kweli, wala si uchawi.

Kondoo jike huachilia yai moja au mawili kila joto, na hubeba mimba miezi mitano. Hata aliye bora huzaa wana wachache maishani. Kwa hiyo mtaalamu humwekea sponji ya homoni ukeni kwa siku 12 hadi 14, kisha humdunga homoni nyingine asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne, ili mayai mengi yapevuke pamoja. Anapandwa na dume aliyechaguliwa. Baada ya siku sita hivi, viinitete husukumwa kwa maji maalum kutoka tumbo la uzazi na kupandikizwa katika majike wa kawaida ambao joto lao lilipangwa liende sawa na lake. Hao hubeba, huzaa na kunyonyesha, ila damu ni ya yule wa kwanza.

Kwa ng'ombe, mrija hupita katika mlango wa kizazi. Wa kondoo umejikunja, hivyo mara nyingi tumbo hupasuliwa. Na majike wengine hawatoi kitu.

Faida yake kubwa ni kuleta mbegu mpya bila kuvusha mnyama hai, ambaye anaweza kubeba sotoka ya mbuzi na kondoo. (Mwanzoni mwa miaka ya 1960 viinitete vya kondoo vilisafirishwa toka Uingereza hadi Afrika Kusini ndani ya sungura, na wana-kondoo wakazaliwa!) Leo hugandishwa katika naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Nani ataifikisha naitrojeni hiyo Walikale, ambako barabara ni tope? Na Masisi, ambako makundi yaliporwa, familia inahitaji kwanza chanjo na dawa ya minyoo. Tena tusidharau kondoo wetu. Kule Kenya, kondoo wekundu wa Kimaasai huvumilia minyoo kuliko Dorper, lakini kwa kuchanganywa mno, walio safi wamekuwa adimu.

Yakobo, katika Mwanzo 30, alichagua wenye nguvu. Mwenye majike watano asipeleke dume wake bora sokoni. Abadilishane na jirani wa kilima kingine kabla dume huyo hajaanza kupanda binti zake.