Kupunguza Fulana ya Mtumba

Ukienda mnadani au sokoni, Kahama au Katoro, utaona fulana za mitumba zimelundikwa juu ya turubai. Nyingi ni nzima na safi, lakini ni kubwa mno. Ukichagua, tazama herufi zilizoandikwa shingoni. S ni ndogo, M ni ya kadiri, L ni kubwa. XL ni kubwa zaidi, na XXL inaweza kuwatosha watu wawili. Fulana hizo kubwa hazigombaniwi sana, kwa hiyo unaweza kupatana bei. Ukijua kuzipunguza, utapata nguo nzuri.

Pamba yenyewe hulimwa hapa kwetu Shinyanga. Lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nchi za nje kabla haijawa nguo. Katika miaka ya 1970 watu walivaa zaidi vitambaa vya viwanda vya nchini, kama kile cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wafanyabiashara kuleta bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Tangu hapo mitumba ikawa mingi.

Kupunguza nguo si urembo tu. Kule kwenye machimbo madogo ya Geita, mawe ya dhahabu husagwa kwa makarasha. Makarasha huzungushwa kwa mikanda. Fulana inayopepea ikinaswa na mkanda, humvuta mtu kabla hajapiga kelele. Hata mnyororo wa baiskeli hunasa nguo pana. Mtu wa kazi hizo avae nguo inayomkaa mwilini.

Kabla ya kukata, chomoa uzi mmoja kwenye upindo na uuchome kwa kiberiti. Ukinuka kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka na kuwa kidonge kigumu, si pamba tupu. Nguo hiyo usiipige pasi ya mkaa yenye moto mkali, itaungua. Kisha fua fulana kwa maji ya moto na sabuni, uianike juani. Usipime kabla ya kufua, maana pamba hurudi. Ukikata kwanza na kufua baadaye, utampa mdogo wako.

Sasa pima kifua. Tuseme ni sentimita 92. Ongeza 8 ili upate nafasi ya kupumua na kuinua mikono. Jumla ni 100. Fumua mikono ya fulana, uigeuze ndani nje, kisha uikunje katikati kwa urefu, bega juu ya bega. Sasa una robo ya mzunguko, yaani sentimita 25. Ongeza 1.5 ya mshono, upate 26.5. Pima kutoka kwenye mkunjo, utie alama kwa kipande cha sabuni kikavu.

Mabega ndiyo yanayowashinda wengi. Wao hubana ubavuni tu, na bega linabaki likining'inia mkononi. Tafuta fulana nyingine inayokukaa vizuri. Ikunje vilevile, uilaze juu ya ile kubwa, mkunjo juu ya mkunjo. Fuata umbo la bega na kwapa, ukiacha upana wa kidole kwa ajili ya mshono. Shingo usiiguse. Bana kwa pini, ukate kwa mkasi mkali. Fanya hivyo hivyo kwa mikono.

Shona mkono kwenye kwapa kwanza, ubavu ukiwa bado wazi. Halafu shona mstari mmoja kutoka kwenye mdomo wa mkono, upite kwapani, ushuke hadi chini. Kumbuka kwamba fulana huvutika, lakini uzi hauvutiki. Ukishona kwa mkono, rudisha sindano nyuma hatua moja kila mara kabla ya kwenda mbele. Mshono huo haukatiki upesi. Kwa cherehani ya kawaida, vuta kitambaa kidogo kinapopita chini ya sindano. Sindano iwe mpya, maana sindano butu huacha matundu. Jaribu nguo kwanza, ndipo upinde chini kama ni ndefu.

Vipande vilivyobaki usivitupe. Mikono ya XXL hutoa kofia ya mtoto mchanga, na mabaki mengine ni vitambaa vya kufutia vyombo. Lakini usimshonee mtoto kitu chochote kutoka kwenye fulana iliyovaliwa katika kazi ya kuchoma dhahabu kwa zebaki. Mvuke wa zebaki huingia katika nguo, na sumu yake hudhuru ubongo wa mtoto. Nguo ya kazi hiyo isifuliwe pamoja na nguo za nyumbani.