Schlafen: Jeni za Panya Zinazotuliza Seli za Kinga

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, nchini Marekani, walieleza ukoo mpya wa jeni za panya waliouita Schlafen, yaani kulala kwa Kijerumani, kwa kuwa jeni mojawapo, Slfn1, ilipolazimishwa kufanya kazi kupita kiasi, seli zilizokuzwa maabara ziliacha kugawanyika. Katika panya waliopandikizwa jeni hiyo, thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari ambamo seli T za kinga hupevuka, ilisinyaa mno.

Utulivu wa seli si uzembe. Seli T iliyopevuka huzunguka katika damu na tezi za limfu kwa muda mrefu bila kugawanyika, ikitumia nishati kidogo kama makaa yaliyofukiwa majivuni, hadi ikutane na kimelea inachokitambua, ndipo inapoanza kuzaliana kwa wingi. Umuhimu wa hali hiyo ulidhihirika mwaka 2010, maabara ya Bruce Beutler, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata kwa utafiti mwingine wa kinga, ilipoeleza panya walioitwa elektra, ambao kemikali ya kubadilisha jeni ilikuwa imewaachia kasoro katika Slfn2, iliyogeuza asidi amino moja tu ya protini yake. Mtu angetazamia kwamba seli zilizokosa breki zingefurika mwilini. Kumbe seli T zilipungua, zikaishi nusu macho, na zilipochochewa zikafa badala ya kuongezeka, hata panya hao wakalemewa na bakteria na virusi.

Hata hivyo, jina la usingizi linaeleza nusu tu ya habari, kwani mwaka 2021 ilibainika kwamba protini ya Slfn2 hufanya kazi pia seli inapoamka: huzishika tRNA, molekuli zinazobeba asidi amino hadi protini zinakoundwa, na kuzikinga zisikatwe na vimeng'enya wakati oksijeni yenye madhara inapoongezeka ndani ya seli.

Jeni za ukoo huu katika binadamu hazilingani moja kwa moja na za panya. Inayofuatiliwa zaidi, SLFN11, huzuia uundaji wa protini za virusi vya UKIMWI, na seli za saratani zilizo nayo kwa wingi hufa kwa urahisi zaidi zinapopewa dawa zinazoharibu DNA, jambo linalowafanya watafiti wa saratani kuichunguza kama kipimo cha kubashiri ni mgonjwa gani atakayefaidika na dawa hizo.